Jeto Namba Sitini na Moja

Ukurasa huu niliuandika kwenye daftari langu la vipimo vya nguo, wakati vita ilikuwa bado haijaisha. Leo nauweka hapa kama ulivyo. Nimerekebisha herufi tu, maana niliandika kwa penseli ya fundi na mkono ulikuwa umechoka.

Gitega, Jumatano, mwezi wa pili, 2004. Mvua mara mbili, asubuhi na alasiri. Miguu inauma.

Daftari langu, leo nimechoka vibaya. Uchovu wa cherehani naujua. Unakaa mgongoni, ukilala unaondoka. Huu wa leo sijui umekaa wapi. Nimetembea kutwa kwenye mtaa mmoja mdogo ambao mtu mwenye haraka angeumaliza kwa nusu saa, na nimerudi hapa chumba cha wageni na matope hadi magotini na kipande cha bati mfukoni. Ni saa kumi na moja na nusu jioni. Giza likiingia hakuna ruhusa ya kutoka, na taa ya chumba hiki haiwaki, kwa hiyo nimevuta kiti dirishani niandike kabla mwanga haujaniacha.

Nianze na lile la aibu, nilitue. Nimekuja Gitega kutafuta uthibitisho kwamba mtu amekufa. Na nilikuwa namwomba Mungu niupate.

Ndiyo. Tena niliomba baada ya swala, mikono nimeinua.

Mtu mwenyewe anaitwa Saidi. Sikuwahi kumwona. Ninayemjua ni mkewe, Mwamini, ambaye huu ni mwaka wa sita anakaa upande wa kushoto wa cherehani yangu, kwenye baraza la duka pale Muyinga. Mimi nashona, yeye anatia vifungo na kushona matundu yake kwa mkono, kwa sababu matundu ya mashine anayaita matundu ya uvivu. Ananicheka Kiswahili changu, maana ushonaji nilijifunzia Kigoma na ulimi ukabaki huko huko. Nikisema "tafadhali" anageuka kutazama kama kuna mgeni ameingia. Mimi nilifiwa na mke wangu zamani, mabinti wangu wawili wameolewa, na nyumba yangu ni kimya kiasi kwamba nasikia kuku wa jirani wakikoroma. Kama kuku wanakoroma.

Mwaka jana baada ya Idi nilimtuma mtu kwa kaka yake Mwamini, kama inavyotakiwa. Kaka yake akakubali. Maalim wa msikiti naye akasema mume aliyepotea zaidi ya miaka kumi, sheria inayo njia ya kumfungua mkewe, hilo lisitutie wasiwasi. Nikanunua kitambaa cha kanzu. Nikakikata usiku huo huo, nikikosea bega kwa furaha, mimi ambaye sijakosea bega tangu nikiwa mwanafunzi.

Aliyesita ni Mwamini mwenyewe.

Hakunikataa mimi. Alikataa kuolewa bila kujua. Na nilipomwuliza anataka kujua nini, akanihadithia asubuhi moja ya mwezi wa kumi, mwaka tisini na tatu, ile rais alipouawa. Saidi alikuwa anafanya kazi kiwanda cha sabuni hapa Gitega, nao wakiishi kwenye nyumba za wafanyakazi. Asubuhi ile redio ilikuwa kimya na watu wamesimama milangoni wakitazamana. Saidi akasema leo haendi kazini. Mwamini akamfokea. Saidi alikuwa mchelewaji, kiwanda kilikwisha mwonya mara mbili, na ya tatu ilikuwa kufukuzwa. Akamfokea mpaka mtu akavaa shati, akatoka bila kuaga. Mchana wauaji wakaingia kiwandani. Waliokufa mle walizikwa pamoja, haraka, kabla ndugu hawajaweza kufika. Siku chache baadaye majina yakaandikwa, na la Saidi lilikuwemo. Mwamini akambeba binti yake mgongoni, akarudi kwao Muyinga.

Siku aliyonihadithia hayo alikuwa anakata uzi kwa meno. Akasema, bila kuinua uso: "Kama alikufa mule ndani, mi ndiye nilimupeleka. Lakini sijaona hata mutu mumoja wa kuniambia alimuona akiingia. Nenda ukaniulizie, fundi. We utaniambia kweli."

Angenituma Makka ingekuwa rahisi zaidi.

Basi jana nikaacha sare za shule ya Mwakiro hazijaisha, nikapanda gari asubuhi mara barabara ilipofunguliwa. Vizuizi vya askari vilikuwa vingi, na kila kimoja wanafungua mkoba wangu na kukuta futi, mkasi na daftari. Kwenye cha tatu askari mmoja akaniomba nimshonee kifungo cha shati. Nikamshonea nikiwa nimesimama, abiria wote wakingoja.

Leo saa mbili asubuhi nikashuka kwenye mtaa huo. Watu bado wanauita Kwa Sabuni, ingawa hapajachemshwa sabuni tangu siku ile. Uko chini ya soko, mahali ambapo barabara ya mawe inaisha na udongo mwekundu unaanza. Mvua ya asubuhi ilikuwa imekatika sasa hivi, na jambo la kwanza nililoliona lilinisimamisha: mtaro ulikuwa unatoa povu. Miaka kumi na kitu, na udongo wa pale bado una sabuni ndani yake. Mama mmoja alikuwa ameinama anasuuzia watoto miguu kwa maji yale, kama kitu cha kawaida kabisa.

Nikatembea. Sijui niliwaza nitakuta nini. Ghala la mafuta ya mawese halina paa, mabati yalichukuliwa yote mpaka misumari. Masufuria ya kuchemshia, makubwa kiasi cha mtu kusimama ndani, yamelala ubavu, na ndani ya moja mbuzi wamejikinga mvua. Ukumbi wa kukatia sabuni ndio umebaki na sakafu nzuri ya saruji, na wanawake wameanika mihogo juu yake. Mezani bado kuna nyaya za kukatia miche. Nilipitisha kidole kwenye waya mmoja, mambo ya fundi, kuona kama bado unakata. Unakata. Nina jeraha dogo hapa ninapoandika.

Kwenye ghala la makatoni kwaya ya Wakongomani ilikuwa inafanya mazoezi. Walikuwa wanarudia mstari mmoja, na kila mara mwanamume wa sauti nzito anaingia mapema, wanacheka, wanaanza upya. Nilikaa pale nje muda mrefu kuliko ilivyofaa. Nilikuwa naogopa kuanza kuuliza.

Halafu nikauliza, na hakuna aliyejua kitu.

Hilo sikulifikiria kabisa huko Muyinga. Nilidhani nitagonga mlango, nitasema Saidi, na mtu atasema aa, Saidi. Lakini nyumba za wafanyakazi sasa zimejaa wakimbizi wa vitani, wengi wametoka upande wa Bukirasazi, walikuja hapa wakati kwao panaungua. Wale wa zamani wamekufa, au wako Tanzania kambini, au wamehamia ambako hakuna anayewajua. Nyumba saba niligonga. Nyumba saba nikaambiwa sisi si wa hapa.

Mwamini alikuwa ameniambia nyumba yao ni ya tatu, safu ya pili, na kizingitini kuna alama ya kisigino chake, alikanyaga saruji ikiwa mbichi. Niliiona. Kisigino kidogo, kimejaa maji ya mvua. Mwanamke wa humo, mzee kidogo kuliko mimi, alinikuta nimeinama hapo, akashika mlango kwa mikono miwili.

"Mwenye nyumba iko anarudi?" akauliza. "Ametuma we kutuondoa?"

Nikasema hapana, mama, harudi. Akaniuliza mara ya pili, nami nikamjibu mara ya pili. Ndipo akaniletea hindi la kuchemsha, na nikalila nimesimama kwenye kizingiti cha Saidi huku mvua ikinuia kurudi. Nilijiona mtu mbaya. Huyu mama anaogopa mwenye nyumba asije akawa hai, nami nilikuwa naogopa hilo hilo.

Karibu na saa sita nikafika kwenye lango la kiwanda. Chumba cha lango ndicho pekee chenye paa, na anaishi humo mlinzi, Nestori, mtu wa maneno machache na koti refu la askari lisilo na kifungo hata kimoja. Alikuja kulinda hapa vita ikiwa katikati. Siku ile hakuwepo, lakini mlinzi aliyemtangulia alimhadithia. Nilimweleza shida yangu. Akaniita ndani kwa kidole. Nyuma ya kitanda chake, badala ya ukuta, kulikuwa na ubao mkubwa wa mbao wenye misumari midogo safu kwa safu, na kwenye misumari kumening'inia vipande vya bati vyenye namba.

Hizo ndizo ziitwazo jeto. Kila mfanyakazi alikuwa na yake, na ilikaa hapo hapo langoni. Ubao una pande mbili, maandishi ni ya Kifaransa lakini wao walisema nje na ndani. Ukiingia kazini unaitoa jeto yako upande wa nje unaitundika upande wa ndani. Ukitoka unairudisha. King'ora kikilia, msimamizi anakuja anaangalia. Jeto iliyobaki nje, siku ya mtu huyo imepotea.

"Majina ya wafu waliyatoa hapa," akasema Nestori. "Waliandika namba zote za upande wa ndani. Aliyejitokeza muzima wakamufuta. Asiyejitokeza, basi. Hakuna mutu amezigusa tena. Namba yake?"

Sitini na moja. Mwamini alinitajia mara nyingi.

Ilikuwa upande wa ndani.

Nilifurahi. Siwezi kuandika neno lingine. Moyo uliruka, nikaona kanzu yangu, nikaona Mwamini anasogeza kiti chake upande huu wa meza ndani ya nyumba yangu. Nikasema alhamdulillahi kwa sauti. Nestori akanitazama, akavua kofia, kwa sababu alidhani namshukuru Mungu kwa kupata habari za ndugu yangu. Nikaona aibu. Lakini furaha haikuondoka, ilikaa tu pembeni ya aibu.

Nestori alikuwa mwema. Akachukua karatasi, akaandika kwa mwandiko mzuri wa shule ya misheni kwamba jeto namba sitini na moja imekutwa upande wa ndani, haijaguswa tangu siku ile, akasaini. Kila neno la karatasi ile ni kweli. Nami, kwa kumshukuru, nikasema nitamtafutia vifungo vya koti lake, maana koti lile lilikuwa linaniumiza macho.

Hapo ndipo nilipojiharibia. Ningeweza kurudi chumbani nikalala. Gari la Muyinga linatoka asubuhi tu, nilikuwa na karatasi mfukoni, kazi imekwisha. Vifungo ndivyo vilivyoniponza. Mtu mwingine angemnunulia ndizi.

Nje ya lango, chini ya turubai, Mkongomani mmoja wa Uvira anauza nguo za mitumba, zile wanazoziita chagua. Wanamwita Papa Sifa, kwa jina la binti yake. Mtu mnene, mcheshi, anamwita kila mteja "muheshimiwa". Nikachagua koti bovu lenye vifungo vizima, tukaanza kuelewana bei, na katikati ya maneno akaniuliza nimetoka wapi. Nikamweleza. Nilikuwa na furaha, na mimi nikifurahi naropoka. Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya mtu aliyefia humo ndani, namba sitini na moja, na namshukuru Mungu nimemwona.

Papa Sifa akaacha kukunja nguo.

"Saidi?" akasema. "We iko nani kwa Saidi?"

Nikasema mimi ni wa upande wa mke.

Akakaa juu ya robota la nguo, akaniambia na mimi nikae. Mvua ya alasiri ikaanza, ikawa inapiga turubai mpaka alilazimika kunikaribia ili nimsikie. Aliniambia yeye na Saidi waliajiriwa siku moja, yeye sitini, Saidi sitini na moja. Misumari yao ilifuatana. Na kule kiwandani walikuwa na mtindo wao ambao kila mtu aliujua isipokuwa msimamizi: kutundikiana. Mwenzako akichelewa, wewe unayewahi unatundika jeto yako upande wa ndani, na kwa mkono ule ule unatundika na yake. Akifika anapitia uani. Saidi alikuwa mchelewaji, na Papa Sifa alimtundikia hivyo mara nyingi. Zile mbili alizoonywa ni siku ambazo Papa Sifa mwenyewe aliugua.

"Ile siku, mi ndiye nilimutundikia," akasema. "Jana yake jioni aliniambia, kesho mi nitachelewa, we unitundikie. Alikuwa na kinga yake Giheta kwa fundi, alitaka kuifuata asubuhi mapema. Nikatundika yangu, nikatundika yake. Batu walipokuja na mapanga, mi nilitokea dirisha la nyuma, kwa mapipa. Saidi hapana kuwa ndani. Mi najua, kwa sababu muda wote nilikuwa namungojea."

Kinga, kwa Kiswahili cha huku, ni baiskeli.

Nilimwuliza mbona hakusema walipokuwa wanaandika majina. Akainamisha kichwa. Alikuwa amesimama pale pale, akasema, wakati wanasoma namba ubaoni. Yake wakaifuta kwa sababu yuko hai. Waliposoma sitini na moja mdomo wake ulifunguka, halafu ukafungika.

"Niliogopa watanifukuza kazi," akasema. "Kwa kutundikiana ilikuwa kufukuzwa, sisi wote wawili. Muheshimiwa, kiwanda kilikuwa bado kinatoka moshi. Maiti ziko chini ya udongo. Na mi iko naogopa kufukuzwa kazi."

Akacheka kidogo, halafu akashindwa kuendelea kucheka, akajifuta uso kwa gauni la mtoto lililokuwa karibu. Baadaye alirudi Uvira, vita ikamkuta na huko, akarudi huku. Alipomwulizia mke wa Saidi aliambiwa ameondoka, hakuna anayejua kwao ni wapi. Na tangu siku ile hajasikia mtu aliyemwona Saidi, si Giheta, si popote. Barabara ya Giheta siku ile haikuwa barabara ya kupita mtu. Inawezekana alifia njiani. Inawezekana alivuka, akafika Tanzania, akaona jina lake kwenye orodha ya wafu na kudhani la mkewe liko chini yake. Papa Sifa hajui. Mimi sijui. Nimetoka Muyinga kutafuta uhakika, na sasa ninao mdogo kuliko niliokuja nao.

Mvua ilipopungua tulirudi wote wawili kwa Nestori. Papa Sifa alikuwa hajaingia chumba kile tangu wakati ule, ingawa anauza nguo hatua ishirini tu kutoka hapo. Akasimama mbele ya ubao, akaweka kidole kwenye bati lililo jirani na la Saidi. Sitini. Nayo ilikuwa upande wa ndani. Walimfuta kwenye karatasi, hakuna aliyekumbuka kumrudisha msumari wake.

"Ona," akasema. "Hata mi mwenyewe bado iko ndani."

Akaitoa, akaitundika upande wa nje. Msumari akaukosa mara mbili. Kisha akaishika ya Saidi, akasita, akanitazama. Hakujua aiweke wapi. Upande wa ndani si kweli, upande wa nje hatujui. Mwishowe akanipa mimi. Nestori hakukataa. Alikuwa amekaa kitandani na vifungo vyangu kiganjani, anatutazama.

Tulipokuwa tunatoka Papa Sifa akanishika mkono. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama yule mke ameolewa tena. Nikasema bado, lakini kuna mtu. Nadhani alielewa. Alinitazama kuanzia viatu mpaka kofia, kisha akasema: "Mi sitaongea. Ukitaka ile jeto ibaki ndani, kwangu imebaki ndani. Miaka yote nimenyamaza, kunyamaza tena siyo kazi."

Nikamshonea Nestori vifungo vyake, vinne. Nilishona polepole kuliko kawaida. Nilikuwa nahesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Nikimpelekea Mwamini karatasi, anajua Saidi alifia ndani. Anakuwa huru, anaolewa na mimi, na kila asubuhi nikiamka namkuta kando yangu mwanamke anayeamini kwamba alimfokea mume wake mpaka kaburini. Nitamwambia haikuwa kosa lake. Atasema ndiyo, fundi, na atakata uzi kwa meno. Mimi peke yangu nitajua, na nitakula chakula chake.

Nikimpelekea jeto na maneno ya Papa Sifa, mzigo ule unamtoka leo leo. Saidi alikuwa amepanga safari yake tangu jana yake. Hata Mwamini angenyamaza asubuhi ile, hata angembembeleza alale, mtu angetoka, kwa sababu baiskeli ilikuwa Giheta. Aliposema haendi kazini hakudanganya, asubuhi ile njia yake ilikuwa ya Giheta; alichomficha mkewe ni safari hiyo tu. Kufokewa hakukumpeleka popote. Lakini basi Saidi wake anakuwa hakufa mahali popote panapojulikana, na Mwamini ninayemjua mimi hataolewa hivyo. Ataanza kungoja upya, kwa bidii zaidi, na mimi nitashona na yeye ataweka vifungo mpaka tuzeeke kwenye baraza lile.

Nimekaa na hesabu hii tangu alasiri. Nimeigeuza, nimeipindua nje ndani kama suti kuukuu ya mtu bahili. Nilitafuta njia ya tatu. Nilifikiri nimwambie nusu: kwamba alichelewa, lakini baadaye aliingia. Nilifikiri niende Giheta kesho kwanza, nimtafute huyo fundi wa baiskeli, ili nikirudi niwe na habari kamili. Hii ya Giheta ilinifurahisha kwa robo saa nzima, mpaka nikajiuliza nitaenda kumtafuta Saidi au kumzika. Nikijibu kwa haki, siaminiki. Mtu aliyesema alhamdulillahi mbele ya ubao ule asipelekwe Giheta peke yake.

Mwamini alisema nitamwambia kweli. Hakusema nitaiweza.

Mwanga umebaki mdogo, naandika herufi kubwa kubwa sasa. Jeto iko hapa mezani. Ni kipande cha bati la paa kilichokatwa kwa mkasi, kando kando hakikusawazishwa, namba zimepigwa kwa msumari. Kazi mbaya, ningemrudishia aliyeifanya. Nimeifungia ndani ya karatasi ya Nestori, maana na karatasi nitampa, yote, asije akasema kuna kitu nilimficha.

Kesho nitapanda gari la Muyinga, siyo la Giheta. Nitafika barazani mchana, atakuwa amekaa upande wake wa kushoto na sare za Mwakiro mapajani. Atanitazama usoni kwanza, ananijua. Sitaanza na ubao, wala na Papa Sifa. Nitaanza na asubuhi ile. Nitasema, Mwamini, si wewe uliyempeleka. Nitamwacha alie, maana nadhani atalia, na nitatazama barabarani kama mtu anayengoja mteja. Halafu nitampa jeto aishike mwenyewe, na safari ya Giheta ni yake kuiamua. Akitaka tuende, nitakwenda naye. Asipotaka, nitakaa.

Kitambaa cha kanzu kiko kabatini. Bega lile lililokosewa lina nafasi ya kurekebishwa.

Na kama huyo fundi wa Giheta atasema mtu alikuja akachukua baiskeli yake, akapanda, akaenda?

Basi nitasema alhamdulillahi. Nimejaribu sasa hivi hapa dirishani, mara tatu. Ya tatu ilitoka vizuri kidogo.